Wanawake Wanne wa Gauni Moja

Mvua zikikatika, mwezi wa tano hivi, nautoa mkebe wangu wa biskuti chini ya kitanda na kuzianika picha uani. Naziweka moja moja, uso juu, kila moja na kijiwe chake, maana upepo wa huku kwetu haumwogopi mtu. Majirani zangu wa Katandala wamezoea. Zamani walikuwa wanainama na kuuliza, huyu ndugu yako? Simjui. Na huyu mwenye redio? Simjui. Wakaishia kusema yule mama ameumia mguu tu, lakini maumivu yalipanda mpaka kichwani. Nami nimewazoea.

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesubiri maneno makubwa atanisamehe. Nitaeleza yalivyokwenda, na waliohusika nitawasema. Majina siandiki. Wenyewe wakisomewa watajijua, na mmoja wao mpaka leo anakaa benchi la mbele kanisani.

Huyo wa benchi la mbele ndiye wa kwanza. Alikuwa na lori. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake mahindi yetu yalikwenda ushirika, na ukiyauza kwingine unakamatwa kama mwizi wa shamba lako mwenyewe. Halafu tukaambiwa biashara ni huria, kila mtu na anunue. Wenye malori wakajaa Ufipa. Walipakia magunia, na juu ya magunia wakapakia watu, kwa sababu mabasi yalikuwa machache na watu tulikuwa na safari zetu. Mama yangu alinichukua mimi na mdogo wangu aliyekuwa mgongoni, tukashuka bonde la Rukwa kumwona ndugu yake aliyejifungua. Kurudi tukapanda lori la mpunga.

Lori lile halikuwa na breki. Hili sikusimuliwa. Nililiona kwa macho ya mtoto wa miaka sita. Kila likisimama, utingo aliruka chini na kabari ya mti akaisukuma nyuma ya tairi. Watu walikuwa wanamcheka na kumwita fundi seremala. Kwenye mlima, kona ya tatu au ya nne, injini ikashindwa, utingo akaruka na kabari yake, na safari hiyo tairi ikapita juu yake kama inapita juu ya muwa. Tukaanza kurudi kinyumenyume.

Mama alikufa, na mdogo wangu. Mimi nilirushwa, mguu wa kushoto ukavunjika na baadaye ukaunga vibaya, na kichwani nina mshono ambao nywele hazioti. Dereva alikimbia Zambia. Mwenye lori alikuja msibani na gunia la unga, kofia mkononi, akasema ni kazi ya Mungu. Nimeishi miaka yote hii na swali moja la kumuuliza: na ile kabari ya mti, nayo ilikuwa kazi ya Mungu?

Wa pili ni baba. Alikuwa Mpanda akichimba dhahabu. Alipata habari, akaja baada ya wiki tatu, akalia kaburini, akaniacha kwa dada yake, akarudi Mpanda, akaoa. Hana ukurasa mrefu kwangu.

Wa tatu ni huyo dada yake, shangazi yangu, aliyenilea Milanzi. Kwake ndipo lilipo jambo lenyewe.

Watu wanadhani mtoto wa miaka sita hukumbuka uso wa mama yake. Mimi nakumbuka viganja, vilivyokuwa vikavu na vya moto. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kuniita. Uso hakuna. Labda ulivujia kwenye ule mpasuko wa kichwa, sijui. Ila nilikuwa na picha. Kulikuwa na picha moja ya mama, ya studio ya mjini, amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki. Amevaa gauni jeupe lenye kola pana na mkanda kiunoni, na kwenye pindo lake vimaua vidogo vimezunguka. Picha hiyo nilikaa nayo matanga yote. Nilikuwa naiwekea chakula mbele, naongea nayo, na mimi mwenyewe sili. Siku ya kumaliza matanga, walipokuwa wanagawa nguo za mama, shangazi akanipokonya mkononi akaitia motoni, kwenye mafiga, mbele ya watu. Akasema mtoto anayeongea na karatasi atamfuata mama yake. Hakuna aliyemzuia. Nilitazama lile gauni likijikunja.

Tangu siku hiyo uso ukapotea, likabaki gauni.

Na gauni lenyewe nililitafuta. Siku ile ya kugawa walitoa khanga, sweta la kijivu, viatu vya mpira, vitenge viwili. Gauni jeupe halikutoka. Nilikuwa mdogo lakini nilihesabu. Nikajiambia shangazi amelificha. Nilikua na neno hilo ndani yangu kama mtu anavyokua na jino bovu. Nilikuwa napekua sanduku lake akienda shambani. Akinipiga kwa kosa lingine, moyoni nilikuwa nasema, piga, mwizi wewe.

Nilipokuwa na miaka kama kumi na tano, binti yake alipata Kipaimara. Wasichana wote siku hiyo wanavaa nyeupe. Tukatoka kanisani, watu wamejaa uwanjani wanapongezana, nami nikamtazama binamu yangu, nikaiona kola. Ilikuwa pana. Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema gauni hilo ni la mama yangu, limepunguzwa, na aliyeliiba ni huyu hapa aliyeshika rozari. Watu wakageuka. Binamu yangu akaanza kulia, akishika shingo kama anataka kulivua pale pale. Shangazi hakunipiga. Alinijibu polepole, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mama yako hakuwahi kuwa na gauni jeupe. Kwenye vumbi hili la Ufipa, angelivalia wapi?"

Nikamwita mwongo pia. Jioni hiyo nikafunga nguo zangu kwenye khanga, nikaja mjini, na Milanzi sikukanyaga tena kwa miaka mitano. Milanzi na mjini si mbali, hata kwa mguu wangu huu. Tulikuwa tukionana sokoni, kila mmoja anageuka kutazama nyanya.

Mjini nilifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Waislamu wenye maduka, watu wema, sina neno nao. Baadaye mama wa nyumba ile akanipa karai na jiko, nikaanza kukaanga maandazi barazani, karibu na studio ya picha. Mwenye studio alikuwa mteja wangu wa asubuhi. Nami nilikuwa simpendi, kwa sababu picha nilikuwa sizipendi. Nilikuwa napita kioo chake cha nje nikitazama chini.

Zama zile picha za rangi zilikuwa zimeshika. Watu hawakutaka tena nyeusi na nyeupe. Akipiga, filamu inapakiwa kwenye basi kwenda Mbeya, wiki moja picha zimerudi, mashavu mekundu kama nyanya. Akaanza kusafisha chumba chake cha nyuma. Siku moja akaniletea boksi kubwa la sabuni limejaa picha za zamani, zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu, migongo juu.

"Washia jiko, binti," akasema. "Karatasi nzuri hiyo, inashika hata na umande."

Ilishika kweli. Karibu wiki tatu niliwashia maandazi. Alfajiri nachomoa fungu, nafungua uzi, naingiza tano sita chini ya mkaa, nawasha, napuliza. Nilikuwa naona migongo tu, myeupe, yenye namba za penseli. Zilikuwa zinatoa harufu kali na kujikunja. Ile kujikunja ingenikumbusha kitu, kama ningekuwa natazama.

Asubuhi moja upepo ukanipokonya moja, ikaenda kulala kwenye mtaro, uso juu. Ni mwanaume wa makamo, koti kubwa limemmeza, redio begani ameishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nyuma imeandikwa, kwa ukumbusho. Nikadhani hakuja kuichukua. Nikakaa chini na kijiti cha kiberiti kikaniunguza vidole. Nilikuwa nawaza, kwa nini hakuja? Alikufa? Alikosa nauli ya kurudi mjini? Au aliyekuwa anamletea ukumbusho alimkataa kabla hazijatoka?

Kuanzia hapo sikuchoma tena. Boksi nililipeleka chumbani kwangu, na nikimaliza maandazi nakaa nao. Yule wa redio nilimpa, kichwani mwangu, shamba la ulezi na mke mkali. Kulikuwa na mtoto amekalishwa peke yake juu ya meza, na ukitazama sana unaona vidole vya mtu vimemshika nyuma, vimejificha kwenye pazia. Huyo nilimpa mama asiyetaka kupigwa picha kwa sababu hakuwa na viatu. Kulikuwa na vijana wawili wamepeana mikono, wanatazama kamera kama wanaapa, nikasema hawa wamegombana siku hiyo hiyo kurudi nyumbani. Ilikuwa ndiyo starehe yangu. Mtu asiye na watu wake huokota wa wengine.

Hata sikushtuka kwamba koti la yule wa redio lilikuwa limevaliwa pia na kijana mwembamba, tena na mzee mmoja mwenye ndevu. Nilidhani ni ndugu.

Nikafika fungu la katikati. Nikafungua uzi, nikageuza, na mama yangu alikuwa amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki.

Kola pana. Mkanda. Vimaua kwenye pindo. Nilikaa nayo mpaka giza likaingia na sikujua. Uso ulikuwa wa mwanamke mwembamba, shingo ndefu, macho yanayotazama pembeni kidogo. Nikachukua kioo, nikatazama pua yangu, nikatazama yake. Ni ile ile. Kwa siku nne nilikuwa na mama. Niliuza maandazi nikicheka na wateja, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba. Nilimweleza mama mambo ya miaka kumi na tano. Nilimwambia gauni lako nilikwambia nitalitafuta, sasa ushahidi huu hapa, nitaupeleka Milanzi niuweke mbele ya mwizi wako.

Siku ya tano nikafungua fungu lililofuata. Ndani alikuwamo mwanamke mnene, mfupi, amevaa gauni lile lile. Mkanda ule ule, umefika tundu la mwisho. Nikasema hapana. Nikafungua mengine yote kwa mkupuo, nikazimwaga kitandani. Wakatoka wanne. Mwembamba wa shingo ndefu, yule mnene, mwingine wa makamo mwenye kilemba, na wa nne msichana hasa, mabega yamepanda kwa woga. Wanne, gauni moja, meza moja, maua yale yale.

Nilikwenda studio nikaziweka mbele ya mwenyewe. Alikuwa anakula andazi langu mwenyewe. Akacheka mpaka makombo yakamtoka.

"Hili? La studio hili, binti. Watu wanatoka vijijini na vumbi lao, nani atataka kupigwa picha na khanga ya shambani? Mwembamba nambana kwa pini nyuma. Mnene namwachia zipu wazi. Mbele nani anajua? Nusu ya wanawake wa Ufipa wamelivaa."

Nikamuuliza gauni liko wapi. Liliisha, alisema, likawa dekio. Nikamuuliza filamu za zamani. Alizimwaga shimo la choo alipokuwa anapunguza vitu. Nikamweleza habari za mama yangu, na mwaka wa lile lori. Hapo aliacha kucheka. Hakumkumbuka. Akanieleza kwamba kila aliyepigwa picha, alitoa nakala moja zaidi ya kuweka kwenye kioo cha nje, ndio tangazo lake. Nakala zikififia zinaingia kwenye boksi. Kwa hiyo mama yako, akasema, lazima atakuwa humo.

Alisema kunifariji. Mimi nilikuwa nafikiri wiki tatu za maandazi.

Yeye ni wa nne kwenye orodha yangu, kwa ile filamu ya chooni. Wa tano ni huyu anayewaeleza.

Nilikaa siku kadhaa kabla ya kwenda Milanzi. Kitu kimoja kilikuwa wazi: shangazi alisema kweli. Mama hakuwahi kuwa na gauni jeupe. Mwizi niliyemtangaza mbele ya kanisa hakuwa mwizi. Picha aliichoma, hilo silifuti. Lakini yule ndugu yake mama wa bondeni alikuwa amekwisha kufa, na duniani shangazi peke yake ndiye aliyebaki anayeujua uso wa mama yangu, ukimtoa baba, na baba wakati huo hata Mpanda walikuwa hawajui alipo. Nilihitaji macho ya mtu niliyemtukana. Basi nikazifunga picha zile nne kwenye kitambaa, nikaenda.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye gunia anachagua maharage kwa vidole.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akageuza kichwa, akasikiliza. "Huo mguu naujua. Umekuja kuchukua gauni?"

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, ya studio, ya pini, ya dekio. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliendelea na maharage, nikaona mazima anayatupa na mabovu anayaweka. Nikamwekea picha mapajani, nikamwomba aniambie mama yangu ni yupi.

Alichukua moja, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka kwenye jua, akairudisha. Akachukua nyingine. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa yaliyopoa.

"Naona weupe," akasema. "Gauni naliona. Juu ya gauni sioni kitu."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema lilianza jicho la kushoto, mwaka juzi, la kulia likafuata baada ya mavuno. Mwaka wa jana alikuwa bado anasoma kitabu cha nyimbo kanisani kama akikishika karibu. Mwaka wa jana mimi nilikuwa sokoni natazama nyanya.

Akaniambia basi nimweleze. Nikaanza. Huyu ni mwembamba, shingo ndefu. Huyu mnene, anaonekana mcheshi. Akaniuliza kama kuna aliyecheka, kwa sababu mama yako alikuwa na pengo hapa juu, ungelijua papo hapo. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamefunga midomo kama wameambiwa wasipumue. Akauliza masikio. Kilemba kimefunika wa tatu, wengine kivuli. Nikaendelea kueleza, na bila kujua nikawa naeleza na yale niliyowabunia: huyu msichana amekuja mjini kwa siri, huyu wa kilemba ameachwa na mume. Shangazi akaniinulia mkono.

"Huyo wa kuachwa mtoe. Mama yako aliachwa lakini hakuonyesha."

Tulicheka, mara moja tu. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba ile siku ya matanga nilikuwa sijala siku nne, na walikuwa wameshamzika mama yangu, wakamzika mdogo wangu, na yeye hakuwa na nguvu ya kuchimba kaburi la tatu.

Nilipotaka kuondoka aliniomba nimwachie moja. Nikamuuliza ipi. Akasema yoyote, mimi si naona gauni tu. Nikamwachia yule mwembamba. Alikuwa mama yangu kwa siku nne, nilimwona anastahili.

Shangazi alikufa mwaka wa tatu baada ya hapo. Niliingia Milanzi mara nyingi katika miaka hiyo, kumchagulia maharage. Siku ya kumaliza matanga tulikaa kwenye mkeka uani kugawa vitu vyake, watu wengi, wengine wale wale wa siku ya Kipaimara. Binamu yangu, aliyekuwa sasa na watoto wake, akafungua kitabu cha nyimbo cha mama yake na picha ikadondoka.

"Hii alikuwa anaishika kila akisali," akasema. "Hakutaka kutuambia ni nani."

Nikasema ni wifi yake. Mama yangu.

Akaitazama. Ikapita kwa mikono ya wazee, mmoja baada ya mwingine, wanatikisa vichwa, wanasema ndiye, maskini, ndiye kabisa, tazama shingo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemjua mama vizuri, ila waliitikia. Binamu yangu akanigeukia. Niliona alichokiona kabla hajasema.

"Kwa hiyo lilikuwepo," akasema. "Gauni. Mama alilichukua kweli."

Watu wakanigeukia kama siku ile ya kanisani. Ningeweza kunyamaza. Ningerudi Katandala na mama mwenye uso, aliyethibitishwa na ukoo mzima, na marehemu amelala, hajibu.

"Halikuwepo," nikasema. "Lilikuwa la studio. Walivaa wanawake wengi. Nilimsingizia."

Mmoja wa wazee akauliza, sasa kama walivaa wengi, umejuaje kwamba huyu ndiye mama yako?

Nikawaambia sijui.

Picha ikarudi kwangu kutoka mkono hadi mkono, na safari hii hakuna aliyeitazama. Nikaifunga kwenye kitambaa. Iko kwenye mkebe na wenzake watatu, na nikizianika uani naziweka pamoja, hizo nne, chini ya jiwe moja.